Nimerudi kazini baada ya sikukuu, moyo haujarudi. Nifanye nini?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, ni karani wa hesabu katika ofisi moja hapa Kigoma mjini, nimepanga chumba na sebule eneo la Mwanga, naishi peke yangu. Desemba 20 nilikwenda kwetu Urambo, mkoani Tabora, kula sikukuu, nikarudi kwa treni Januari 5. Kule nyumbani tulikuwa watu kumi na wanne, tunapiga soga mpaka saa nane usiku, tunaamka tunapotaka. Tangu nirudi, sasa inaingia wiki ya pili, sijielewi. Usiku silali mpaka saa saba au saa nane. Asubuhi naamka kwa kujikokota, napanda bodaboda nisichelewe. Kazini vocha za malipo zimelundikana, nikizitazama nasikia kulia. Jioni nikifika chumbani najilaza na simu. Hela imeisha na kikoba wananidai. Maneno ya shangazi kuhusu kuolewa nayo hayanitoki kichwani. Jirani amenipa vidonge vyake vya usingizi, sijavimeza. Je, hii ndiyo sonona? Niombe likizo nyingine nipumzike? Nitarudije kwenye hali yangu?"

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Nianze na ya haraka. Vidonge vya jirani usivimeze, sababu nitaieleza huko mbele. Likizo nyingine usiombe kwa sasa. Kuhusu sonona, kwa ulivyoandika siwezi kusema unayo wala kusema huna, kwa sababu muda tunaoutumia kupima, yaani wiki mbili, bado haujatimia. Dalili za kuangalia nitakupa. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba usisubiri moyo ukae sawa ndipo urudi kwenye ratiba. Ratiba hutangulia, moyo hufuata, tena hufuata kwa kuchelewa siku kadhaa. Wengi hukwama hapo hapo: wanajilaza wakingoja nguvu ije, na kule kujilaza ndiko kunakoimaliza nguvu yenyewe.

Mambo matatu yamekuangukia kwa wakati mmoja. Mwili wako umehama saa, watu wameondoka pembeni yako ghafla, na mizigo uliyoiahirisha Desemba ilikuwa inakungoja hapa Mwanga. Tunaanza na saa ya mwili, maana mtu asiyelala hana uwezo wa kubeba hayo mengine.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga lini usikie usingizi, lini njaa, lini joto la mwili lipande na lini homoni za kukuamsha zitoke. Ikiachwa yenyewe, kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, hasa wa asubuhi. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi na kuwahi ni kazi. Kwa wiki mbili za Urambo umeisogeza saa yako mbele kwa saa tatu hivi. Sasa ukijilaza saa 4 usiku, mwili wako unahesabu kama saa 1 jioni, usingizi utatoka wapi? Na ukiamka saa 12 asubuhi, kwake ni saa 9 usiku. Mtu yeyote akiamshwa saa 9 usiku siku kumi mfululizo atakuwa mzito, atakosa hamu ya chai, na machozi yatakuwa karibu. Sehemu kubwa ya unachokiita kutojielewa inaweza kuwa ni hiyo tu.

Kigoma nayo ina jambo lake ambalo watu hawalitilii maanani. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Januari jua la Dar linachomoza kama saa 12 na robo asubuhi. Huku linachomoza saa 1 kasoro dakika chache, na kuelekea mwisho wa mwezi linapitiliza saa 1 kamili. Ofisi nyingi zinafungua saa 1 na nusu. Maana yake ni kwamba mtu wa Kigoma huamka na kuoga gizani, akidaka bodaboda anafika ofisini kabla hajapata hata robo saa ya mwanga wa nje, kisha anakaa chini ya taa mpaka alasiri. Jioni jua linachelewa kuzama, linamwangazia mpaka saa 1 na robo hivi, na mwanga wa jioni kazi yake ni kuisogeza saa ya mwili mbele zaidi. Kwa anayejaribu kurudi nyuma, hali hiyo inamvuta kinyume. Tabora na Urambo tofauti na Dar ni ndogo kidogo, lakini ipo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba. Kwa kazi yako nasema saa 12 kamili asubuhi. Usianze kwa kujilazimisha kulala mapema. Saa ya kulala huwezi kuiamrisha, ya kuamka unaweza. Simu ya kengele iweke sebuleni, mbali na mkono, ili uinuke kuizima. Ukishainuka washa taa zote, nawa uso kwa maji ya baridi, na upate kitu tumboni ndani ya saa moja ya kuamka: uji wa ulezi, chai na muhogo wa kuchemsha, chochote ulichozoea. Chakula cha asubuhi nacho huupa mwili habari kuwa siku imeanza, na kukiruka kwa sababu huna hamu ni kuuacha mwili uendelee kufikiri ni usiku.

Saa 1 kamili, au mara jua likichomoza, toka nje. Kutoka Mwanga kwenda mjini ni mteremko, mwendo wa kawaida unafika kwa nusu saa au pungufu. Bodaboda ya asubuhi iache kwa wiki mbili. Utapata mwanga, utapata mazoezi, na nauli itabaki mfukoni. Usivae miwani ya jua, wala usilikodolee jua lenyewe. Inatosha uwe nje na macho wazi. Usidharau siku ya mawingu pia. Taa ya chumbani hutoa mwanga wa luksi 100 mpaka 300 hivi, ilhali nje chini ya wingu zito bado unapata maelfu. Huu ni msimu wa mvua, kuna asubuhi itakayonyesha tangu alfajiri. Siku hiyo kaa kibarazani chini ya bati, uso ukielekea nje, dakika 30, na chai yako mkononi, halafu panda bajaji. Kukaa ndani nyuma ya pazia hakuhesabiki.

Mchana usilale. Ukizidiwa kabisa, dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri, kwa kengele. Usingizi wa saa mbili wa jioni baada ya kazi ndio unaokuibia ule wa usiku. Chai ya rangi kali, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho wake uwe saa 8 mchana, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini. Bia usiitumie kama dawa ya usingizi. Inakulaza haraka, kisha inakuzindua saa 9 usiku na moyo unakwenda mbio, na kesho yake uzito unaongezeka.

Usiku, kuanzia saa 3, punguza taa na uache simu sebuleni iliko kengele. Panda kitandani ukisikia usingizi, si kwa sababu saa imefika. Ukijilaza na kama dakika 20 zimepita hujapitiwa, inuka. Nenda sebuleni, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu kisichosisimua, kama kukunja nguo au kuchambua maharage ya kesho, ukisinzia urudi. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kugaagaa na kuangalia video, mwili unajifunza kuwa macho ukikigusa tu. Kukiondolea mazoea hayo kunachukua kama wiki, na siku mbili tatu za mwanzo zinachosha kweli.

Nakutahadharisha na pale watu wanapoharibu. Siku ya tatu au ya nne utajisikia vibaya kuliko sasa, kwa sababu unaamka saa 12 hali bado unachelewa kulala. Wengi wanasema haifanyi kazi, wanaacha. Vumilia, ule uchovu uliokusanyika ndio utakaokulaza mapema usiku wa tano au wa sita. Shimo la pili ni Jumamosi. Ukilala mpaka saa 4 asubuhi umefuta kazi ya siku tatu. Mwisho wa wiki ukizidi, zidisha nusu saa tu. Tegemea siku saba mpaka kumi kabla saa ya mwili haijatulia. (Wanaofanya kazi usiku, kama wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanaoingia ziwani siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapojaa, hesabu yao ni nyingine kabisa, wao wazibe madirisha na walinde usingizi wa mchana.)

Sasa tuje kwa watu. Ulikuwa kwenye nyumba ya watu kumi na wanne, ukarudi kwenye chumba na sebule yenye kimya. Upungufu huo ni wa kweli, na kuuita uvivu au kukosa shukrani ni kujionea. Kule hukuhitaji kutafuta mazungumzo, yalikuwa yanakufuata mpaka jikoni. Hapa lazima uyapange, na kuyapanga unaona aibu, kama vile mtu mzima hapaswi kuhitaji watu. Anahitaji. Weka mambo matatu kwa wiki yenye siku na saa. La kwanza, simu moja ya kuongea kwa sauti na mtu wa nyumbani, tuseme Jumanne au Ijumaa saa 1 usiku, dakika 15. Kundi la familia la WhatsApp haliwezi kushika nafasi hiyo. Kuchungulia picha za sikukuu mara ishirini kwa siku kunakuongezea hamu ya kule bila kukupa mtu wa hapa. La pili, chakula kimoja cha kula na mtu: jirani, mfanyakazi mwenzako, yeyote mnayeelewana. Nunueni dagaa pamoja, mpike kwa mawese, mle. La tatu, kikundi chochote ulichokuwa nacho kabla ya Desemba, iwe kwaya, jumuiya, darsa au mazoezi. Nenda hata kama utakaa nyuma na hutaimba. Siku ya kwanza lengo ni kuonekana tu.

Katika tiba ya sonona kuna njia ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi na inawafaa hata wasio na sonona kamili: kurudisha shughuli kwa mpango, huku ukiandika zinavyobadilisha hali yako. Chukua daftari la kurasa 48. Kila unapofanya jambo, andika saa, ulichofanya, na namba mbili kati ya 0 na 10: moyo ulikuwaje kabla, umekuwaje baada. 0 ni mbaya kabisa, 10 ni mzuri kabisa. Ukurasa wa siku moja unaweza kusomeka hivi:

Saa 1:00 asubuhi, kutembea kwenda kazini dakika 25: kabla 2, baada 4.
Saa 4:00, vocha dakika 25: kabla 2, baada 3.
Saa 11:30 jioni, kupika maharage na dada wa chumba cha pili: kabla 3, baada 6.
Saa 2:00 usiku, simu kitandani dakika 90: kabla 5, baada 2.

Baada ya siku nne tano utaona mwenyewe kinachokupandisha na kinachokushusha, na mara nyingi si kile ulichodhani. Watu wengi hukuta simu ya kitandani, waliyoamini ndiyo mapumziko yao, ndiyo inayowashusha kila jioni. Pale ndipo unapobadilisha: badala ya kuipiga marufuku, jaza saa ile ile na kitu kilichokupa 6. Sheria ni kwamba shughuli iwe ndogo kiasi cha kuwezekana siku yako mbaya kuliko zote. "Nitafua nguo zote" ni kubwa mno. "Nitaloweka shuka mbili saa 11 jioni" inawezekana. Iwe na saa yake, mahali pake, na uifanye kwa sababu imeandikwa, hata kama hujisikii. Ukiifanya na namba isipande, ni sawa. Mwanzoni hamu ya vitu hurudi baada ya vitendo kadhaa, si baada ya kimoja.

Vocha. Kinachokuliza si kazi yenyewe, kwa kuwa kazi hiyo umeifanya muda wote. Kinachokuliza ni rundo lisilo na idadi, na kila siku unayoliepuka unapata nafuu ya dakika chache na rundo linaongezeka kutisha. Siku ya kwanza usilipe wala usiingize hata moja kwenye mfumo. Zihesabu, andika idadi kwenye karatasi, kisha zigawe mafungu matatu: zilizokamilika viambatisho na sahihi, zinazokosa kitu (risiti ya EFD, ankara, sahihi ya mkuu wa idara), na zenye hoja. Basi, siku hiyo imeisha. Kesho yake anza na fungu la kwanza, kwa vipindi vya dakika 25, unasimama dakika 5, vipindi viwili asubuhi na kimoja baada ya chakula. Asubuhi ifanye hiyo kwanza kabla ya barua pepe na maongezi. Fungu la pili lipigie simu, usikae ukilitazama. Simu tatu kwa siku zinatosha. La tatu mpelekee mhasibu wako yote kwa pamoja, ukiwa na maelezo ya mstari mmoja kwa kila vocha.

Na bosi umwambie kitu, ila si lazima umwambie kila kitu. Inatosha: "Nimekuta vocha kadhaa zimelimbikizana, nimezipanga, zilizokamilika nazimaliza Ijumaa." Bosi mwenye tarehe mkononi anasumbua kidogo kuliko bosi anayekisia.

Hela ni fupi kuisema. Januari ni mwezi dume kwa kila mwenye mshahara, na aibu ya deni huuma kuliko deni. Andika madeni yote kwenye karatasi moja: unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Mweka hazina wa kikoba mfuate kabla ya siku ya kikao, na kiasi chochote ulichonacho, umwombe mpange tarehe ya kumalizia. Kutotokea kikaoni ndiko kunakoharibu jina. Usikope kausha damu kulipa kikoba. Riba yake itakufuata mpaka Pasaka.

Maneno ya shangazi yanahitaji njia nyingine, kwa sababu hayana cha kutenda leo. Ukijaribu kuyafukuza yanazidi kurudi. Yape saa yake: kila siku saa 11 jioni, dakika 15, kaa na daftari uandike yale yote yanayozunguka kichwani. Kila mstari jiulize kama kuna hatua ya kuchukua wiki hii. Ikiwepo, iandike na siku yake. Isipokuwepo, funga daftari. Yakirudi saa 6 usiku, unayaambia yasubiri kesho saa 11. Linasikika dogo, lakini akili hulegea ikijua jambo lina mahali pake. Na kama moyoni unaona maneno yale yalivuka mpaka, una haki ya kumwambia, kwa adabu na kwa simu, si kwenye kundi: "Shangazi, najua unanitakia mema. Likiwapo jambo nitakuambia mimi wa kwanza. Kwa sasa nakuomba tusilizungumze." Kama hauko tayari mwezi huu, ngoja. Ugomvi wa familia usiufungue ukiwa hujalala.

Kabla ya kuuhesabia moyo kila kitu, upime mwili. Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na msimu wa mvua ndio huu. Malaria haiji na homa kali kila mara. Kichwa kizito, viungo kuuma na kukosa hamu ya kula vinaweza kufanana kabisa na ulichoandika. Kipimo cha haraka kwenye zahanati ni tone la damu la kidoleni na majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Waombe wakupime na wingi wa damu, hasa kama siku zako huwa nzito, maana upungufu wa damu huleta uchovu usioisha kwa kulala. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima. Na kama kuna dawa ya kila siku unayotumia, mwambie anayekuhudumia, kwa kuwa baadhi zinaingilia usingizi na nyingine unaweza kuhamishiwa muda wa kumeza.

Sasa sonona. Uzito wa baada ya sikukuu unapungua siku hadi siku, una nafasi za kupumua katikati, na ukikutana na watu au jambo zuri unainuka kidogo. Sonona hukaa. Mbili ni dalili kuu: huzuni au utupu karibu siku nzima, na kukosa raha hata kwa vitu ulivyovipenda. Nyingine ni usingizi kuharibika au kuzidi, hamu ya chakula kupungua au kuzidi, uchovu, kujiona huna thamani au kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kutulia, mwili kuwa mzito au kuhangaika mpaka wengine wakaona, na mawazo ya kifo. Zikiwa tano au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya zile kuu mbili, karibu kila siku kwa wiki mbili, na zinakuzuia kuishi na kufanya kazi, hapo ni suala la kuonana na mhudumu wa afya. Kwa hiyo anza mpango huu leo, na jiwekee tarehe. Ikifika siku ya kumi na nne namba za daftari hazijapanda hata kidogo, au zimeshuka kabla ya hapo, nenda. Kama kabla ya Desemba ulikuwa tayari na miezi ya hali hii na sikukuu ziliifunika tu, usingoje siku kumi na nne.

Kigoma nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili. Msomaji wa Tabora aende Kitete. Aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu, atapewa rufaa. Chukua daftari lako, litamsaidia anayekuhoji kuliko maelezo ya kukumbuka. Atakuuliza maswali kuhusu dalili hizo na zimekuwapo tangu lini. Sonona nyepesi hutibiwa kwa mazungumzo na mpango wa shughuli kama huu; ile nzito zaidi huongezewa dawa. Dawa za sonona huanza kuonekana zinafanya kazi baada ya wiki mbili mpaka nne, humezwa kila siku, na haziachwi ghafla siku utakayojisikia nafuu.

Kuna jambo moja halisubiri tarehe yoyote. Ikikujia fikra ya kutaka kufa au kujidhuru, mwambie mtu usiku uleule, usilale peke yako, na mwende hospitali; idara ya dharura iko wazi saa zote. Mtu huyo aziondoe chumbani dawa za kumeza na sumu za panya au za shamba mpaka hali itulie. Na anayesoma akiwa na ndugu wa namna hiyo asiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kwanza ya kulisema.

Vidonge vya jirani vinaweza kuwa chochote. Vikiwa diazepamu, ambayo wengi huijua kama Valium, mwili huizoea ndani ya wiki chache, ukiiacha usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo, na ikikutana na pombe huweza kuzuia pumzi. Vikiwa amitriptilini, alipewa yeye kwa ugonjwa wake na kwa kipimo chake. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Hata Piriton, ambayo watu huimeza kwa sababu inaleta usingizi, hukuacha na kichwa kizito asubuhi, saa ileile tunayopigania. Hakuna kati ya hivyo kinachoirudisha saa ya mwili nyuma. Mrudishie, mshukuru.

Likizo nimekukataza kwa sababu ukikaa nyumbani wiki nyingine bila saa ya kuamka, bila watu na bila kazi, utakuwa umeondoa nguzo chache zilizobaki. Ikiwa mhudumu wa afya ataona unahitaji mapumziko, hiyo ni habari nyingine, atakuandikia. Zile siku 28 za mwaka zigawe kwa kukubaliana na mwajiri, usizimalize zote Desemba. Bakiza chache kwa ajili ya Pasaka, na safari hiyo ipange kuanzia mwisho wake: katia tiketi ya kurudi Kigoma siku mbili kamili kabla ya kuingia kazini, chumbani acha unga, mchele na mkaa wa siku tatu, nguo za Jumatatu zikiwa zimepigwa pasi, na hela ya kikoba ya mwezi unaofuata umeshaiweka kabla hujapanda treni. Ukiwa Urambo kesha na wenzako usiku upendavyo, ila siku nne za mwisho anza kuamka saa 1 asubuhi, kisha saa 12 na nusu, ukaote jua uani.